Usalama wa Boti Ndogo Ziwani: Uamuzi Unaookoa Maisha Hufanyika Mwaloni

Kati ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ni Busega peke yake inayopakana na Ziwa Victoria. Hata hivyo, ziwa hilo linagusa maisha ya mkoa mzima. Dagaa na sangara wanaopakiwa kwenye magari pale Lamadi huliwa Bariadi, Maswa na Mwanhuzi. Maji ya ziwa hilo ndiyo yanayotegemewa na mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, unaogharamiwa na Serikali ya Tanzania, Serikali ya Ujerumani kupitia benki yake ya KfW, pamoja na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Aidha, vijana wengi waliozaliwa katika vijiji vya pamba na mpunga, mbali na ufuko, hufika mialoni kutafuta kazi ya uvuvi, na baadhi yao hupanda boti kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima.

Kwa sababu hiyo, suala la uendeshaji salama wa boti ndogo zenye injini halihusu manahodha pekee. Linamhusu mwenye chombo, mvuvi anayeajiriwa, mfanyabiashara wa samaki, abiria na familia inayobaki nyumbani ikisubiri. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo kila mmoja wao anapaswa kuyafahamu, na kwa nini sehemu kubwa ya usalama wa safari huamuliwa mwaloni, kabla injini haijawashwa.

Injini huongeza mwendo, haiongezi uimara

Kwa miaka mingi mitumbwi ya mbao ya ziwa hili iliendeshwa kwa kasia na tanga. Leo mingi imefungwa injini ya kupachika nyuma. Faida yake iko wazi: mvuvi hufika mbali, hurudi mapema na samaki hufika sokoni wakiwa bado wabichi. Mwezi Januari 2024, mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wananchi wa Kanda ya Ziwa, hatua inayoonyesha kwamba vyombo vya aina hii vitaendelea kuongezeka.

Lakini injini haibadilishi umbo la mtumbwi wala haipandishi ubavu wake juu ya maji. Mtumbwi uliokuwa hatarini kwa mzigo mkubwa wakati wa kasia unabaki hatarini vilevile ukifungwa injini, na uzito wa injini yenyewe huongezwa nyuma. Zaidi ya hayo, katika nusu saa injini humpeleka mtu mahali ambapo kwa kasia angefika baada ya saa kadhaa. Injini hiyo ikizimika huko, umbali wa kurudi ni uleule na mikono ya kupiga kasia ni ileile. Nahodha anayeifahamu kweli hii huandaa safari yake kama mtu ambaye injini yake inaweza kugoma wakati wowote.

Tabia ya ziwa na ya Ghuba ya Speke

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, na karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Pamoja na ukubwa huo, si ziwa lenye kina kirefu sana: kina chake cha wastani ni takriban meta 40 na sehemu yenye kina kirefu zaidi hufikia takriban meta 80. Upepo mkali ukivuma juu ya maji ya namna hii, mawimbi huinuka haraka, huwa mafupi na hufuatana kwa karibu. Boti ndogo haipati nafasi ya kuinuka juu ya wimbi moja kabla ya kupigwa na jingine.

Mwambao wa Busega uko katika sehemu ya mashariki ya Ghuba ya Speke. Wakati wa mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Katika ghuba hii upepo huo hupata nafasi ndefu ya maji ya kusukuma kabla ya kufika ufukoni. Ndiyo maana ziwa lililokuwa shwari saa tatu asubuhi linaweza kuwa na mawimbi mazito saa tisa alasiri, bila wingu lolote angani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo zinapokutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hulazimika kupanda na kuunda mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku wa manane na alfajiri, wakati uleule ambao wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao katika siku za giza la mwezi. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mvua kubwa za radi zinazojitokeza mchana katika nchi kavu inayolizunguka ziwa ni dalili ya kuwapo kwa dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Mvuvi anayeona mawingu mazito yamesimama juu ya nchi kavu alasiri ana sababu nzuri ya kuuliza taarifa za hali ya hewa kabla ya kuingia ziwani jioni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri unaohusu Ziwa Victoria, ukiwamo mwelekeo wa upepo, urefu wa mawimbi na tahadhari za hali mbaya. Taarifa hizo husikika redioni na hupatikana kwa njia ya simu. Mwaloni ambako mtu mmoja amepewa jukumu la kusikiliza utabiri kila jioni na kuwatangazia wenzake una ulinzi ambao haugharimu hata shilingi moja.

Mzigo: hesabu inayofanyika ufukoni

Ajali kubwa zilizotokea katika ziwa hili zimeacha somo ambalo halipaswi kusahaulika. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kufika katika kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walifariki dunia. Mwishoni mwa Julai 2023, katika wilaya jirani ya Bunda, mitumbwi miwili ilizama ikiwa na watu waliokuwa wakirejea kutoka ibadani, na zaidi ya watu 10 walipoteza maisha. Vyombo hivyo vilikuwa vya ukubwa tofauti, lakini maji hayabagui meli na mtumbwi.

Sehemu ya ubavu wa boti inayobaki juu ya maji baada ya kupakia ndiyo kinga ya kwanza ya waliomo. Kadiri sehemu hiyo inavyopungua, ndivyo wimbi dogo zaidi linavyotosha kuingiza maji ndani. Ni vyema kupiga hesabu kwa uzito, kwa kuwa kuhesabu vichwa pekee hakutoshi. Mtu mzima mmoja hukadiriwa kuwa na kilo 75. Watu 10 ni kilo 750. Wakiongezewa magunia matatu ya kilo 100 kila moja, boti hiyo imebeba uzito wa watu 14, hata kama waliokaa ndani ni 10 tu. Nyavu zilizolowa maji, barafu, mafuta na samaki waliovuliwa vyote ni mzigo.

Uzito wa maji yanayoingia ndani ya boti husahaulika mara nyingi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Boti iliyoingiwa na lita 200, yaani ujazo wa pipa moja, imeongezewa kilo 200. Tena maji hayo hayatulii kama gunia: boti ikiinamia kulia, yote hukimbilia kulia na kuiinamisha zaidi. Hii ndiyo sababu chombo chenye maji ndani hupinduka ghafla, na ndiyo sababu kuyatoa mara yanapoingia ni kazi isiyosubiri.

Kanuni za upakiaji ni rahisi. Mzigo mzito ukae chini na katikati. Abiria waketi, na asiwepo anayeketi ukingoni. Watu wasihamie upande mmoja kwa pamoja, hata wakati wa kushuka, kwa kuwa vyombo vingi hupinduka vikiwa hatua chache kutoka ufukoni. Idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti cha chombo ni kikomo kwa siku ya ziwa tulivu. Siku ya upepo nahodha mwenye busara hupunguza.

Ukaguzi kabla ya kuondoka

Ukaguzi wa boti ndogo huchukua muda usiozidi dakika kumi. Nahodha anapaswa kujiridhisha juu ya mambo yafuatayo.

Kwanza, mwili wa chombo. Mbao zikaguliwe kama zimepasuka au misumari imelegea, na sehemu zilizokalafatiwa ziangaliwe kama zinavuja. Boti ya faiba ikaguliwe nyufa, hasa pale injini inapofungwa.

Pili, injini. Vifungo vyake vikazwe na injini ifungwe kwa kamba au mnyororo wa ziada ili isianguke majini. Gia iwe huru wakati wa kuwasha. Baada ya kuwaka, maji ya kupoza yatoke kama inavyopaswa. Yasipotoka, injini izimwe mara moja kabla haijaungua. Plagi ya akiba, spana na pini ya akiba ya rafadha, ambayo wengi huiita propela, viwe ndani ya boksi lisiloingia maji.

Tatu, mafuta. Kanuni inayotumiwa na mabaharia wengi ni ya theluthi: theluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, theluthi moja ni ya kurudi, na theluthi inayobaki ni akiba, kwa kuwa kurudi dhidi ya upepo hula mafuta zaidi kuliko kwenda. Kwa injini zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, uwiano uzingatiwe kama kitabu cha injini kinavyoelekeza. Nyingi huhitaji lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili. Oili ikipungua injini hukwama, na ikizidi plagi huchafuka, na matatizo yote mawili hujitokeza mbali na ufuko.

Nne, vifaa. Boti isiondoke bila kasia mbili, nanga na kamba ndefu, ndoo ya kutolea maji, tochi, filimbi, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kasia ni kifaa cha dharura hata kwa mwenye injini mpya kabisa.

Tano, taarifa. Mtu aliyebaki ufukoni ajue boti imekwenda upande gani, ina watu wangapi na inatarajiwa kurudi saa ngapi. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) vipo katika mialo, na daftari la kuandika wanaotoka na wanaorudi ni jambo ambalo kikundi chochote kinaweza kulianzisha. Boti isiyorudi hutafutwa mapema pale tu ambapo kuna anayejua kuwa haijarudi.

Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe

Katika boti nyingi majaketi okozi huonekana yakiwa yamewekwa chini ya viti au kugeuzwa mto wa kukalia. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliyerushwa majini ghafla, gizani, huku boti imefunikia kila kilichokuwa ndani. Kulivaa ukiwa tayari unaelea ni kazi ngumu hata kwa muogeleaji hodari.

Kuogelea nako kusitumike kama sababu ya kutovaa jaketi. Maji ya Ziwa Victoria yana joto la takriban nyuzi 24 hadi 26, lakini hata maji hayo hunyonya joto la mwili, na mtu huchoka baada ya muda. Mawimbi humnywesha maji, na nguo nzito humzuia kusogea. Jaketi hushikilia kichwa juu ya maji hata pale nguvu zinapokwisha.

Jaketi sahihi hukaza mwilini. Njia rahisi ya kulipima ni kumfunga mtu jaketi, kisha kulivuta juu kwa mabega: likifika masikioni, ni kubwa mno au halijafungwa vizuri. Watoto wanahitaji jaketi la ukubwa wao lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linaweza kumsaidia mtu kuelea wakati wa dharura, na ni vyema madumu kadhaa yafungwe ndani ya boti, lakini dumu halichukui nafasi ya jaketi kwa kuwa mtu aliyepoteza fahamu hawezi kulishika.

Kuendesha kwa adabu

Nahodha wa boti yenye injini anapaswa kujifunga mkononi au kwenye jaketi lake kamba ya kuzimia injini. Akianguka, kamba hiyo huchomoka na injini huzimika. Bila kamba hiyo boti huendelea kwenda bila mtu, au huzunguka na kurudi kumkata aliyeanguka.

Mawimbi makubwa yakabiliwe kwa mwendo mdogo, sehemu ya mbele ya boti ikiwa imeelekezwa kwenye wimbi kwa mshazari kidogo. Kuyapa mawimbi ubavu ni kukaribisha kupinduka. Kugeuza kufanyike pale mawimbi yanapotulia kidogo, na bila pupa. Nanga itupwe kutoka mbele, kamwe si kutoka nyuma ambako kuna injini na ubavu ni mfupi.

Kuhusu kupishana, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini zinatumika kwa meli na kwa boti ndogo. Boti mbili zenye injini zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Zikikatizana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Anayelipita chombo kingine hubeba jukumu la kukaa mbali nacho. Boti yenye injini humpisha mwenye tanga na mvuvi ambaye nyavu zake ziko majini.

Usiku, boti inapaswa kuonekana. Kwa boti zenye injini, taa nyekundu huwa kushoto, ya kijani kulia, pamoja na taa nyeupe. Boti ndogo kabisa yenye mwendo mdogo inaruhusiwa kutumia taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Taa za dagaa zikizimwa wakati wa kurudi, chombo kisichokuwa na taa nyingine hupotea gizani, na anayekuja kasi hukiona akiwa amechelewa.

Karibu na ufuko mwendo upunguzwe mapema. Mialo ya Busega ina kina mama wanaochota maji, watoto wanaoogelea, mifugo inayokunywa na mitumbwi midogo ya kasia. Rafadha hukata kama shoka. Matete na midomo ya mito ni makazi ya viboko na mamba. Boti ipite mbali, na isiingie kati ya kiboko na maji yenye kina wala kati ya kiboko na mtoto wake. Magugumaji nayo hujisokota kwenye rafadha: injini izimwe na kunyanyuliwa kabla mkono haujasogezwa kuyaondoa. Vizimba vya samaki, pamoja na kamba na nanga zake, vizungukwe kwa umbali.

Pombe haina nafasi katika safari ya ziwani. Humpunguzia nahodha umakini, humwondolea abiria uwezo wa kujihifadhi, na mtu aliyelewa akianguka majini huwa na nafasi ndogo mno ya kupona.

Hali ikiharibika

Injini ikizimika, jambo la kwanza ni kutupa nanga au kugeuza mbele ya boti kuelekea kwenye mawimbi kwa kutumia kasia, kisha ndipo hitilafu itafutwe. Mara nyingi ni mafuta yamekwisha, bomba la mafuta limebanwa, tundu la hewa la tangi halijafunguliwa au plagi imelowa.

Radi ikisikika, boti ielekee ufuko wa karibu, hata kama si ule wa nyumbani. Aliyekwama katikati akae chini, ateremshe mlingoti au kitu chochote kirefu, na asiguse vyuma.

Boti ikipinduka, waliomo washikamane nayo. Mtumbwi wa mbao huendelea kuelea hata ukiwa umejaa maji, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu mmoja. Wengi hupotea kwa sababu ufuko huonekana uko karibu, wakaamua kuogelea, na nguvu zikawaishia njiani. Watoto na wasiojua kuogelea wawekwe katikati, na filimbi ipulizwe kwa vipindi.

Mtu akianguka majini, mmoja wa waliobaki amnyooshee kidole bila kumwachia macho, mwingine amrushie dumu au boya. Nahodha amkaribie polepole akielekea upepo unakotoka, kisha aiweke gia huru au azime injini kabla ya kumfikia. Wanaomvuta ndani wawe wachache, na wengine waegemee upande wa pili ili boti isipinduke.

Wavuvi wa ziwa hili wameonyesha thamani yao katika uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, wavuvi waliokuwa na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika. Boti ndogo iliyo tayari, yenye mafuta, kamba na watu wanaojua la kufanya, ni sehemu ya uokoaji wa ziwa zima.

Wajibu kwa ziwa lenyewe

Ziwa linaloendeshewa boti ndilo linalonywewa. Petroli inayomwagika na oili chakavu inayotupwa huelea juu ya maji na kurudi kwenye ndoo za wakazi wa mwambao. Tangi la mafuta linalobebeka lishushwe na kujazwa nchi kavu, mbali na moto na sigara. Oili chakavu ikusanywe kwenye dumu na isimwagwe ufukoni. Vipande vya nyavu na plastiki virudishwe mwaloni, kwa kuwa wavu uliotupwa huendelea kukamata samaki wasiofaidisha mtu, na hunasa rafadha ya boti nyingine. Midomo ya mito, ambako samaki huzaliana, isigeuzwe njia za mwendo kasi.

Nani anahusika na nini

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2017, ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, kazi iliyokuwa chini ya SUMATRA hapo awali. Shirika hilo hukagua vyombo vidogo na kutoa vyeti vinavyoonyesha kuwa chombo kinafaa na kinaruhusiwa kubeba nini. Usajili wa vyombo vya uvuvi na leseni za uvuvi huongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na mwananchi huanzia kwa Afisa Uvuvi wa Halmashauri. Mtu anayenunua boti au injini ya pili mkono anashauriwa kuomba kuona nyaraka hizo kabla ya kutoa fedha.

Panapotokea ajali, taarifa itolewe bila kuchelewa kwa Polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, pamoja na uongozi wa BMU na serikali ya kijiji kilicho karibu. Anayepiga simu aeleze mahali, idadi ya waliokuwamo na saa ya tukio.

Haki ya abiria kukataa

Sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa humhusu nahodha, lakini abiria naye ana neno. Anaweza kuhesabu watu na magunia. Anaweza kuuliza jaketi lake liko wapi. Anaweza kutazama maji yaliyomo ndani ya boti na mawingu yaliyo angani. Akiona hali si salama, anayo haki ya kutopanda, na aliyekwisha kupanda anayo haki ya kushuka boti ingali mwaloni. Kukataa kwake kunaweza kumkera nahodha na kumchelewesha sokoni kwa siku moja. Gharama hiyo hulipika.

Wazee wa mwambao, wenye vyombo na viongozi wa vitongoji wanaombwa kuilinda haki hiyo, ili kijana anayesema leo ziwa halifai asionekane mwoga mbele ya wenzake. Boti ikishaondoka, machaguo hupungua kila dakika. Ikiwa bado imefungwa kwenye kigingi, machaguo yote yapo: kupunguza mzigo, kusubiri upepo utulie, kurekebisha injini, au kulala nyumbani na kwenda kesho. Tahadhari huja kabla ya hatari, na mahali pake ni mwaloni.

Mwananchi anayehitaji ufafanuzi kuhusu usajili, ukaguzi au vifaa vya usalama afike ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Uvuvi aliye karibu naye wakati wa saa za kazi.